Majeruhi kwanza, vipimo baadaye: barua ya wazi kwa wakuu wa polisi

Kwa wakuu wa majeshi ya polisi, makamanda wa usalama barabarani na wakuu wa vyuo vya polisi,

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu dakika chache tu: zile zinazoanza askari wenu anaposhuka garini kwenye eneo la ajali, hadi majeruhi wa mwisho anapoondolewa. Najua mezani kwenu kuna mengi. Lakini dakika hizo mnazishika ninyi kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu mara nyingi polisi ndiye mtumishi wa umma anayefika wa kwanza, kabla ya gari la wagonjwa, kabla ya zimamoto, kabla ya daktari. Anachokifanya hapo, au anachoacha kukifanya, kinaweza kuamua nani atafika hospitali akiwa hai.

Ombi langu ni kwamba askari aulizwe kwanza amewafanyia nini majeruhi, ndipo aulizwe mchoro wa ajali uko wapi. Kwa sasa mambo yamekaa kinyume.

Niliwahi kusimama kando ya barabara baada ya basi dogo kugongana na lori. Askari wawili walifika upesi, na kwa hilo walistahili shukrani. Mmoja akatoa utepe wa kupimia na chaki, akaanza kupima alama za breki, kutoka ukingo wa lami hadi gurudumu la mbele la lori, mwenzake akiandika namba kwenye daftari. Hatua chache tu kutoka hapo alikaa mwanamume ameegemea tairi, ameshika paja lake kwa mikono miwili, damu ikipenya katikati ya vidole. Mguu wake ulikuwa umenyooka mahali utepe ulipotakiwa kupita. Askari akauvuka, akavuta utepe ukanyooka, akasoma namba kwa sauti. Abiria mmoja, mama wa makamo aliyekuwa ameumia mkono yeye mwenyewe, ndiye aliyevua mtandio wake, akaukunja, akaukandamiza kwenye lile jeraha.

Sikumwona yule askari kuwa katili. Usoni alikuwa mtu mwenye hofu aliyeshikilia kazi anayoijua. Alijua kupima, na alijua kwamba akirudi kituoni ataulizwa mchoro, leseni, bima, namba za magari na maelezo ya mashahidi. Hakuna ambaye angemuuliza kama alikandamiza jeraha la mtu. Askari hufanya lile atakaloulizwa, na anayeamua ataulizwa nini ni ninyi. Ndiyo maana barua hii nimeielekeza kwenu, wala sikumwandikia yeye.

Muda wenyewe ndio huu. Mshipa mkubwa wa damu wa paja ukikatika, mtu anaweza kuishiwa damu ndani ya dakika chache, pengine hata 5 zisifike. Ubongo ukikosa hewa huanza kuharibika baada ya dakika kama 4 hadi 6. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kila mwaka, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Wengine kati ya milioni 20 na milioni 50 huumia bila kufa, na wengi wao hubaki na ulemavu. Zaidi ya tisa katika kila vifo kumi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kwenye barabara ambazo gari la wagonjwa mara nyingi liko mbali au halipo kabisa, lakini askari yupo.

Mtanijibu kwamba polisi si daktari. Ni kweli, na hakuna anayemtaka awe daktari. Mambo yanayookoa maisha katika dakika zile za mwanzo ni machache, na mtu mwenye akili timamu na mikono miwili anaweza kufundishwa. Kidonda kinachomwaga damu kikandamizwe kwa nguvu kwa kitambaa safi, na mkono usiondolewe kila mara kuchungulia kama damu imekata. Damu ya mguu au mkono ikigoma kabisa, kuna mkanda wa kubana damu, unaofungwa sentimita chache juu ya jeraha, kamwe si juu ya kiungo, ukakazwa mpaka damu ikome, na saa uliyofungwa ikaandikwa. Aliyepoteza fahamu akiwa chali ulimi unaweza kumzibia njia ya hewa. Taya lake likisukumwa mbele bila kukunja shingo, njia hufunguka. Kama hakuna namna ya kukaa naye, ageuzwe ubavu kwa uangalifu, kichwa, shingo na mgongo vikigeuka pamoja. Kitu kilichomchoma na kubaki mwilini kisichomolewe. Asipewe maji wala chakula hata akiomba, kwa sababu huenda akahitaji upasuaji. Na afunikwe, hata kama jua ni kali, kwa sababu aliyepoteza damu nyingi hupoa upesi, na mwili ukipoa damu haigandi vizuri.

Haya hujifunzwa kwa muda mfupi. Kampala, Uganda, kulikuwa na mpango ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2009: polisi, madereva wa taksi na viongozi wa mitaa walipewa mafunzo ya siku moja ya huduma ya kwanza kwa majeruhi. Walipofuatiliwa baada ya miezi 6, walikuwa wakiutumia ujuzi ule kwenye matukio ya kweli. Siku moja tu. Askari wapya hukaa chuoni muda gani wakifundishwa gwaride peke yake? Silidharau gwaride, nidhamu ni jambo zito. Ila hakuna majeruhi aliyewahi kuokolewa na saluti.

Kabla ya kumgusa mtu yeyote, askari lazima aifanye sehemu ile isiue tena. Hili ni eneo lake hasa, na hakuna anayeliweza kuliko yeye: kuzuia magari mapema na mbali vya kutosha, kuzima injini, kukataza sigara, kusogeza watu. Agosti 10, 2019, pale Morogoro, Tanzania, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, likalipuka. Waliokufa walizidi 100. Lori likianguka na mafuta, majeruhi wa kwanza anaweza kuwa mmoja tu, dereva. Wengine wote ni watu ambao bado wana nafasi ya kutoumia. Askari anayefika hapo akaanza kutafuta leseni ya dereva amekosea mara mbili.

Baada ya hapo, awaendee walio kimya. Hili watu wengi hulikosea, na hata mimi nisingelijua kama nisingeambiwa na wauguzi. Anayepiga kelele anapumua. Aliyelala kimya kwenye nyasi, bila damu inayoonekana, ndiye ambaye huenda njia yake ya hewa imeziba, au anavuja damu tumboni. Katika vurugu la basi lililopinduka, mikono yote huwakimbilia wanaolia, na yule wa kimya husahauliwa mpaka mtu anapogundua kuwa amekwisha kufa. Askari aliyefundishwa angepita haraka kwa kila mmoja, sekunde chache kila mtu: anapumua? anavuja damu nyingi? anaitikia? Kisha ndipo achague.

Kuhusu kubeba, naomba mnivumilie nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo nia njema inapoleta madhara. Wote tumeona majeruhi akivutwa kutoka kwenye kiti kwa mabega, wanne wakimshika mikono na miguu, kiwiliwili kikining'inia katikati, kisha akatupwa nyuma ya pikapu juu ya tairi la akiba. Mfupa wa shingo uliopasuka tu, ambao ungepona, unaweza kukata uti wa mgongo katika safari hiyo ya hatua kumi. Kama hakuna moto, hakuna maji yanayopanda, hakuna gari linalokuja, na anapumua vizuri, hakuna sababu ya kumvuta. Mmoja ashike kichwa kisitikisike, amwambie asigeuze shingo, wengine wasubiri ubao, mlango uliong'oka, au chochote kilicho bapa na kigumu. Kofia ya mwendesha pikipiki isivuliwe, isipokuwa kama inamzuia kupumua. Lakini kama damu inamwagika na haizuiliki, au pumzi inakatika, na gari la wagonjwa halina dalili ya kuja, basi gari la polisi liwe gari la wagonjwa, mara moja, bila kupiga simu tatu za kuomba ruhusa. Philadelphia, nchini Marekani, polisi wamekuwa wakiwapakia waliopigwa risasi au kuchomwa visu kwenye magari yao ya doria na kuwakimbiza hospitali kwa miongo kadhaa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2014 haukuona kwamba wagonjwa hao walikufa zaidi kuliko waliobebwa na magari ya wagonjwa. Majeraha ya ajali ni tofauti, kwa sababu ya shingo na mgongo. Ninachokiona hapo ni kwamba jeshi linaweza kuandika utaratibu, likaufuata, na watu wakapona.

Kuna wenzenu watakaosema ushahidi utapotea. Nalichukulia hoja hii kwa uzito, kwa sababu kesi ikiharibika ndugu wa marehemu hawapati haki. Lakini hebu tuitazame. Alama za breki kwenye lami zitakuwepo baada ya nusu saa. Vioo vilivyovunjika vitakuwepo. Mahali mtu alipolala panaweza kuzungushiwa chaki kwa sekunde tano kabla hajainuliwa, au kupigwa picha kwa simu. Wakiwa askari wawili, mmoja ashughulike na watu na mwingine alinde eneo. Akiwa peke yake, watu kwanza. Hata Mkataba wa Vienna wa Usafiri wa Barabarani wa mwaka 1968, ambao ndio unaowataka waliohusika na ajali kutovuruga alama na kuwasubiri polisi, unamruhusu mtu kuondoka pale kama analazimika kumsaidia aliyeumia. Waliouandika walijua kipi kinapotea haraka.

Na polisi wenyewe wana kanuni zao. Mwaka 1979 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Kanuni za Maadili za maofisa wanaosimamia sheria, ambazo maelezo yake yanaihesabu kuwa sehemu ya kazi ya polisi kuwapa msaada wale wanaouhitaji papo hapo kwa sababu ya dharura. Mwaka 1990, mjini Havana, ziliongezwa Kanuni za Msingi kuhusu matumizi ya nguvu na silaha: zinataka hata mtu aliyejeruhiwa na polisi wenyewe apewe msaada na matibabu mapema iwezekanavyo, na ndugu zake wajulishwe. Fikirini hapo. Mtu aliyepigwa risasi na askari anastahili kutibiwa mara moja. Itakuwaje mtoto aliyegongwa akitoka shule asubiri mchoro umalizike?

Hilo linanipeleka kwa dereva. Mara nyingi dereva aliyesababisha ajali naye ameumia, na umati unataka kumla mbichi. Askari amwondoe mikononi mwao, amtibu kama wengine, kwa zamu yake ya jeraha, si kwa zamu ya kosa. Hukumu ina mahali pake. Na tafadhali, askari wafundishwe kutokimbilia kusema "huyu amelewa." Aliyegonga kichwa huongea maneno yasiyoeleweka, huyumba, hutapika, hugombana na wanaomsaidia. Mwenye kisukari aliyeishiwa sukari huwa hivyohivyo. Mtu wa namna hiyo akifungwa pingu na kuwekwa mahabusu apate usingizi, damu inaweza kuendelea kukusanyika ndani ya fuvu usiku kucha. Kipimo cha ulevi kifanywe, ila kifanywe hospitali.

Sasa karatasi. Katika nchi nyingi aliyeumia kwenye ajali anahitaji fomu ya polisi. Tanzania ni PF3, Kenya ni P3. Fomu hizo zina kazi yake: mahakamani zinaonyesha jeraha lilikuwaje, na kwenye madai ya fidia ndizo zinazosomwa. Sizipingi. Ninachopinga ni fomu kutangulia tiba. Mtu akishaamini kwamba hospitali haitampokea bila karatasi, atapita kituoni kwanza akiwa na majeruhi ndani ya gari, atasubiri afisa wa zamu, ataulizwa ilikuwaje, wapi, saa ngapi. Kuna dawa inayosaidia damu kuganda, asidi ya traneksamiki. Utafiti mkubwa wa mwaka 2010, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha kwamba hupunguza vifo vya majeruhi wanaovuja damu ikitolewa mapema, na uchambuzi uliofuata ukaonyesha kwamba baada ya saa 3 haisaidii tena na inaweza hata kudhuru. Saa moja ya kusubiri kwenye benchi la kituo inakatwa kutoka kwenye hizo saa 3. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43(2), inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Ya Afrika Kusini, kifungu cha 27(3), inasema vivyo hivyo. Askari aipeleke fomu hospitali yeye mwenyewe, aijazie kando ya kitanda, baada ya mgonjwa kupokelewa. Afisa wa zamu akiona gari lenye majeruhi limesimama mlangoni mwa kituo, jibu lake liwe moja: "Nendeni hospitali, nawafuata."

Kuna na wale wasamaria. Watu wengi wanaopita kwenye ajali hawasimami, na sisi tuliobaki huwaita hawana utu. Waulizeni kwa upole na watawaambia wanaogopa polisi: kuwekwa kituoni mpaka usiku, kuitwa mahakamani mara kwa mara, kushukiwa kuwa wao ndio waliogonga. India waliliona hili wakalitafutia dawa. Machi 2016 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliyapa nguvu ya sheria maelekezo ya kuwalinda wasamaria: aliyemfikisha majeruhi hospitali aruhusiwe kuondoka, asilazimishwe kutaja jina lake, na akijitolea kuwa shahidi ahojiwe mara moja tu. Mwaka 2019 ulinzi huo ukaingizwa kwenye sheria ya vyombo vya moto. Ujerumani wao wanakuja kwa upande mwingine: kifungu cha 323c cha sheria yao ya jinai kinampa adhabu anayeweza kusaidia kwenye ajali akakataa, na pia anayewazuia waokoaji. Njia hizi mbili zinafaa kutazamwa, lakini ninyi hamhitaji kusubiri bunge. Askari anaweza leo hii kumwambia aliyemleta majeruhi, "Ahsante, ndugu yangu, nenda salama." Ikienea habari kwamba polisi wanasema hivyo, magari yataanza kusimama.

Mambo mawili ya haraka, lakini yanauma. Simu, pochi na mizigo ya majeruhi viorodheshwe na askari mbele ya shahidi na vifuatane na mwenyewe. Wizi kwenye ajali ni aibu, na ukifanywa askari akiangalia, ni aibu ya jeshi zima. Na picha: askari asipige picha ya sura ya mtu aliyeumia kwa simu yake binafsi na kuituma kwenye makundi. Wapo wazazi waliojua mtoto wao amekufa kwa kuiona picha hiyo kabla hawajapigiwa simu na yeyote.

Kuhusu waliokufa, kuna kosa moja ambalo halisameheki: kumhesabu mtu maiti kwa kumtazama. Mapigo dhaifu na mwili baridi si kifo, na anayethibitisha kifo ni daktari. Mpaka athibitishe, mtu huyo apewe nafasi ya aliye hai, na asilazwe chini ya wengine kwenye gari moja.

Haya yote yana gharama. Kila gari la doria linahitaji mfuko wenye glavu, vitambaa vya kukandamiza, bandeji pana, mikanda ya kubana damu, mkasi wa kukatia nguo, blanketi na tochi. Glavu kwanza, maana askari anaogopa damu ya mtu mwingine, na ana haki ya kuogopa. Askari pia wanahitaji ulinzi wa kiutawala: yeyote aliyesaidia kwa nia njema, kwa namna aliyofundishwa, asiadhibiwe mgonjwa akifariki. Bila hilo watasimama na utepe mkononi, kwa sababu utepe haumfungulii mtu jalada. Na wanahitaji mtu wa kuongea naye baadaye. Anayewafunika watoto barabarani leo na kurudi kwenye zamu kesho asubuhi kana kwamba hakuna kilichotokea anabeba mzigo ambao hakuna cheo kinachoupunguza.

Ila lililo la kwanza halina gharama yoyote. Badilisheni ukurasa wa mbele wa ripoti ya ajali. Kabla ya namba za magari na mchoro, askari ajaze: nilifika saa ngapi, nimewakuta majeruhi wangapi, na nimemhudumia nani wa kwanza na kwa nini, nimewafanyia nini, kila mmoja ameondoka saa ngapi, kwa gari gani, kwenda hospitali gani, nani amewajulisha ndugu zake. Mkuu wa kituo aisome sehemu hiyo kabla ya nyingine yoyote, na pale palipo wazi aulize. Naomba ukurasa huo uingie kwenye kozi inayofuata ya askari wapya, wajifunze kuujaza kabla hawajajifunza kutumia utepe.

Ni mimi,
Raia na mtumiaji wa barabara